Gari la zamani la Marekani: Usikimbilie kung'oa vibomba vya hewa, vitengeneze

Ukifungua boneti ya Chevrolet au Pontiac ya mwishoni mwa miaka ya 1960, unaweza kukuta pampu inayozungushwa na mkanda, mpira mnene, na vibomba vyembamba vya chuma vinavyoingia kwenye manifoldi ya ekzosi. Wengi huuliza: hivi navyo vya nini?

Ni vifaa vya kupunguza sumu kwenye moshi. California ilianza kudai magari mapya yadhibiti moshi wa ekzosi kuanzia modeli za 1966, na Marekani nzima ikafuata kwa modeli za 1968. Kampuni ya General Motors ilitumia njia ya kupuliza hewa.

Inafanyaje kazi?

Moshi unaotoka kwenye silinda bado una mabaki ya petroli na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Pampu inasukuma hewa safi hadi pale moshi unapotokea. Kwa kuwa moshi bado ni wa moto sana, ukikutana na hewa unaendelea kuungua, na sumu inapungua.

Tatizo linaanzia wapi?

Kati ya mpira na vibomba kuna valvu ya njia moja. Kazi yake ni kuruhusu hewa iende kwenye injini na kuzuia moshi usirudi. Ikiliwa na kutu, moshi wa moto unarudi nyuma, unaunguza mpira na mwisho unaua pampu.

Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa imepoa, ifungue kisha puliza kwa mdomo. Hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita pande zote, hiyo imekufa, nunua nyingine.

Nati zikigoma

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Nati za vibomba zimepikwa na joto miaka 50 na zaidi. Ukilazimisha, kibomba kinajisokota pamoja na nati na kukatika.

Mwagia oili ya kulegeza kutu, acha ilale usiku mzima. Ikigoma, pasha nati moto kwa gesi, iache ipoe, mwagia tena. Lakini angalia: kabureta na mipira ya petroli viko karibu. Ni salama zaidi kushusha manifoldi na kuifanyia kazi mezani.

Kama kibomba kimeshaoza, kikate juu ya nati ili upate nafasi ya kuingiza soketi ya pembe sita. Nati ikikatikia ndani, itabidi kutoboa taratibu kwa drili, kisha kupitisha tapu ili kusafisha nyuzi. Wakati wa kufunga, paka grisi ya kuzuia kuganda inayohimili joto kali, ili atakayefungua baada yako asilie.

Kwa nini usizibe tu?

Wapo wanaong'oa kila kitu na kuziba matundu kwa gundi. Joto la manifoldi litaitoa gundi hiyo, na moshi utavujia chini ya boneti. Kutoka hapo kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani ya gari, na abiria hawatasikia harufu yake. Kama ni lazima kuziba, tumia plagi ya chuma yenye nyuzi.

Kuna na suala la sheria. California, magari ya petroli ya 1975 kurudi nyuma hayaendi tena kwenye ukaguzi wa kawaida wa moshi. Lakini la 1976 bado linakaguliwa, na mkaguzi anaangalia kama vifaa vyote vipo.

Basi kabla ya kutupa pampu na vibomba vyote, anza na ile valvu ndogo. Mara nyingi ugonjwa uko hapo.