Ramani ya Kanda za Ardhi: Jinsi ya Kuiomba Kabla ya Kununua au Kujenga

Tuseme mwananchi amenunua ploti ya futi 50 kwa 100 pembezoni mwa mji. Amethibitisha umiliki katika ofisi ya usajili wa ardhi, hati miliki ni halali na mawe ya mipaka yapo. Anaanza kuchimba msingi wa nyumba ya kupangisha ya orofa nne. Kabla ya wiki mbili kuisha, maafisa wa kaunti wanasimamisha kazi. Eneo hilo limetengewa makaazi ya familia moja moja, na sehemu ya mbele ya ploti imo ndani ya hifadhi ya barabara.

Hati yake haikuwa na kasoro. Hati humwambia mtu ardhi ni ya nani. Jambo linaloruhusiwa kufanyika juu ya ardhi hiyo limo katika ramani ya kanda, na ramani hiyo hakuiomba.

Ramani hii ni ipi?

Ramani ya kanda ni sehemu ya mpango wa matumizi ya ardhi ambao kaunti huandaa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Huonyesha maeneo ya makaazi, biashara, viwanda, shule, viwanja vya burudani na barabara. Kwa desturi ya wapangaji wa miji nchini, makaazi hupakwa rangi ya kahawia, biashara nyekundu, viwanda zambarau na viwanja vya burudani kijani. Hata hivyo, anayeisoma aangalie kwanza ufunguo ulio pembeni mwa ramani.

Kila kanda ina masharti yake, kama vile idadi ya orofa, nafasi ya kuacha kati ya jengo na barabara, na ukubwa wa chini wa ploti. Masharti hayo mara nyingi huandikwa katika kitabu cha mpango wala si kwenye ramani yenyewe, kwa hivyo ni vyema kuomba vyote viwili.

Ramani za mipaka ya vipande vya ardhi ni jambo jingine. Hizo huwekwa na idara za serikali ya kitaifa zinazosimamia upimaji na usajili wa ardhi.

Haki hii inatoka wapi?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kaunti ni sehemu ya Serikali hiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Mwombaji halazimiki kusema anataka ramani kwa sababu gani, na afisa hawezi kumnyima kwa kushuku nia yake.

Hatua za kufuata

Kwanza, mwananchi aulize katika ofisi ya mipango ya kaunti au ya manispaa, na aangalie tovuti ya kaunti. Sheria haiilazimishi ofisi kushughulikia ombi la habari ambazo tayari zinapatikana kwa urahisi kwa njia nyingine.

Pili, asipoipata, aandike ombi kwa Kiswahili au Kiingereza kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ana haki ya kuandikiwa na afisa huyo. Ombi liwe mahususi. Kwa mfano:

"Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya ramani ya kanda inayohusu ploti nambari … katika wadi ya …, masharti ya ujenzi ya eneo hilo, na tarehe mpango huo ulipoidhinishwa."

Tatu, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku za ofisi kutoa uamuzi huhesabiwa kutoka tarehe hiyo.

Siku na ada

Ofisi inapaswa kutoa uamuzi upesi iwezekanavyo, na isizidi siku 21. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa habari zinazohitajika ni nyingi au kuna haja ya kushauriana na ofisi nyingine. Ombi likifika katika ofisi isiyo na ramani hiyo, linaweza kuhamishiwa ofisi inayohusika katika siku 5.

Kuwasilisha ombi ni bure. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kutuma. Ramani kubwa ya rangi hugharimu zaidi kuchapisha kuliko karatasi ya kawaida, kwa hivyo anayeridhika na nakala ya kielektroniki aseme hivyo katika ombi.

Iwapo hakuna jibu

Kunyamaza kwa ofisi baada ya muda kupita huhesabiwa kuwa ni kukataa. Mwombaji ana siku 30 baada ya kuarifiwa uamuzi kuomba upitiwe na Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman.

Kuna nyakati jibu litakuwa kwamba eneo hilo bado halina mpango ulioidhinishwa. Jibu hilo nalo lina faida likiwa kwa maandishi. Mnunuzi anajua kwamba matumizi ya jirani yanaweza kubadilika, na anaweza kufuatilia vikao vya umma wakati mpango unapoandaliwa.

Ramani si kibali

Kupata ramani hakumruhusu mtu kuanza ujenzi. Kibali cha kaunti bado kinahitajika, hata kwa kubadilisha matumizi ya ardhi. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Kwa hivyo ombi la ramani lifanywe kabla ya kulipa malipo ya kwanza ya ploti. Siku 21 za kusubiri ni nafuu kuliko msingi uliobomolewa.