Valvu Moja na Rezista Yake
Fundi wa Rahaleo, Mtwara, anayetaka kuunda amplifaya ya valvu moja aanze na joto kabla ya sauti. Valvu hiyo hubeba wimbi zima peke yake, hivyo mkondo hupita muda wote, hata muziki ukinyamaza. Valvu aina ya EL84 yenye volti 250 na miliampea 48 kwenye anodi imeshafika wati 12, kikomo chake. Na hewa ya pwani haisaidii kuipoza. Ndiyo maana natetea rezista ya kathodi, takriban omu 135. Umeme ukipanda na mkondo ukiongezeka, volti za kathodi nazo hupanda, gridi huzidi kuwa hasi, mkondo ukabanwa. Wapo watakaolalamika kwamba rezista hiyo hula volti saba hivi na kupunguza ukuzaji wa sauti. Volti saba kati ya 250 ni hasara ndogo mno, na kapasita iliyofungwa sambamba nayo huurudisha ukuzaji huo.