Usiniulize Tena Muda wa Kuloweka Mbao

"Fundi, mbao niziloweke kwa muda gani?" Swali hili naulizwa na vijana wa vyuo, na wastaafu, na wazazi walioletewa boksi la modeli ya meli na mtoto aliyeko Uingereza, na hata na maseremala ambao walipaswa kujua zaidi yangu. Wengine hawaulizi, wanatoa taarifa. Huyu ameloweka usiku kucha, yule siku mbili, mwingine amechemsha kwenye sufuria ya wali mpaka mkewe akasusa kuitumia. Kisha inakuja picha: kwenye omo mbao zimepinduka kingo, mbili zimepasuka, na ubavuni kuna mianya inayopitisha ukucha. Chini ya picha kuna swali jingine: "Au niloweke zaidi?"

Usiloweke zaidi. Hata hizo ulizoloweka uliziloweka bure.

Sitaeleza yaliyomo ndani ya boksi, umeshalifungua. Mkuku na mataruma ya plaiwudi yaliyokatwa kwa leza umeyaona, na yamesimama. Una fito za kubandika mara mbili, kama ilivyo kwenye seti nyingi za Hispania na Italia: za ndani nene, milimita 1.5 kwa upana wa 5, na za nje nyembamba za walnati au sapeli, nusu milimita tu. (Sapeli, kwa taarifa yako, ni mti wa kwetu Afrika. Upo Kongo na Uganda, unasafirishwa Ulaya, unapasuliwa, kisha unakurudia kwa bei ya sonara.) Unacho pia kitabu cha maelekezo ambacho, kwenye ukurasa wa kubandika mbao, kina sentensi moja tu: lowesha fito kama itahitajika. Sentensi hiyo imeharibu modeli nyingi kuliko mchwa.

Lile ambalo kitabu hakikusema ni hesabu ya darasa la nne. Chukua ukanda wa karatasi, upime kwenye taruma la katikati kutoka ukingo wa sitaha mpaka kwenye mkuku. Tuseme umepata milimita 100. Fito za milimita 5 zinazojaza hapo ni 20. Sasa pima vilevile kwenye taruma la mwisho kule omo. Tuseme umepata 60. Fito ni zilezile 20, kwa hiyo kila mmoja una nafasi ya milimita 3, na wewe unaupeleka ukiwa na 5. Milimita 2 za ziada mara fito 20 ni milimita 40 za mbao zisizo na pa kwenda. Lazima ziende mahali, basi zinapandana, zinainua kingo, zinapasuka.

Sasa niambie, maji yanaondoaje milimita 40? Mshonaji akishona sketi ya vipande, kila kipande hukikata kiwe kipana chini na chembamba kiunoni. Hajatokea mshonaji aliyeacha vipande vyote vikiwa sawa juu na chini, kisha akailoweka sketi kwenye beseni akitumaini kiuno kitapungua.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni mpaka walishike kwa mkono. Ufito unakubali kupinda upande mmoja, ule wa bapa. Ukiulazimisha upinde kwa kingo, yaani uelekee juu au chini huku ukiwa umelala kwenye mataruma, unashindana na upana wake badala ya unene wake. Ugumu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa kipimo kinachopindwa, na kwa kipimo cha pili hukua sawia tu. Kwa ufito wa milimita 1.5 kwa 5, kuupinda kwa kingo ni kazi ngumu mara 11 kuliko kuupinda kwa bapa. Kwa ule wa nje wa nusu milimita, ni mara 100. Mara mia! Na huo ndio ambao watu huniambia "mbona ni mwembamba, utafuata tu". Haufuati. Unajikunja kama umekubali, gundi ikikauka unanyanyuka.

Waliojenga meli zenyewe hawakuthubutu hivyo. Ubao wa meli ya kweli ulikatwa kutoka kwenye ubao mpana zaidi, ukachongwa ufuate nafasi yake ubavuni, mwembamba huku, mpana kule. Fundi wa jahazi wa Lamu au Unguja anafanya hivyo mpaka leo: anapima nafasi, anachonga kwa tezo, anajaribisha, anachonga tena. Kwa mataruma yake anatafuta mti uliojipinda wenyewe ungali umesimama msituni. Mtengenezaji wa seti anakupa fito zilizonyooka zenye upana mmoja kwa sababu hizo ni rahisi kupasua na kufunga kwenye boksi. Kazi ya kuzichonga amekuachia wewe, na hakukwambia.

Turudi kwenye maji, maana najua hujaridhika. Utasema: lakini ufito wangu ukilowa unapinda vizuri zaidi. Kweli, kidogo, na ndiyo maana imani hii haifi. Ila tazama kinachotokea. Mbao ni nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini, na kinachoilainisha lignini ni joto. Mbao ikiwa kavu, joto linalotakiwa ni kali mno. Ikiwa na unyevu, joto la karibu na maji yanayochemka linatosha. Unyevu ni msaidizi, joto ndilo linalofanya kazi. Maji ya bomba yaliyolala kwenye beseni usiku kucha hayana joto hilo, hata Tanga mwezi wa Februari. Tena, kuta za seli za mbao zikishashiba unyevu, maji yanayoongezeka yanajaza matundu tu. Kwa ufito mwembamba namna hii hiyo ni shughuli ya dakika, wala si ya siku. Kuendelea kuloweka baada ya hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Wajenzi wa boti wanaotumia sanduku la mvuke wana kanuni ya mazoea: saa moja ya mvuke kwa kila inchi ya unene, kisha ubao unakimbizwa kwenye mataruma na kufungwa ungali moto. Inchi ni milimita 25 na ushei. Ufito wako ni milimita 1.5. Gawanya: dakika tatu na nusu. Wewe umeloweka saa 24, na kwa maji baridi.

Hasara yenyewe inakuja baadaye. Mbao ikinywa maji huvimba kwa upana. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Ukiibandika ingali mbichi, itakauka ikiwa ubavuni na kusinyaa. Ufito wa milimita 5 ukisinyaa kwa asilimia 4 tu umepoteza sehemu mbili za kumi za milimita, na fito 20 zimepoteza milimita 4 kwa kila ubavu. Hiyo ndiyo mianya uliyonitumia picha yake. Jahazi likishushwa majini mbao zake huvimba na kuibana kalafati, kwa hiyo maji ni rafiki yake. Modeli yako inakwenda kinyume: imevimba kwenye beseni, na itasinyaa maisha yake yote ndani ya kabati la kioo, hasa ukiipeleka kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Sasa amonia. Hapa uvumilivu wangu unaisha. Kuna kizazi cha washauri kinachosema kwamba siri ni kuloweka fito kwenye amonia ya kusafishia nyumba, na siri hii hutolewa kwa kunong'ona kana kwamba ni hirizi. Chanzo chake ni jambo la kweli. Miaka ya 1960 watafiti Marekani walionyesha kwamba amonia tupu, isiyo na maji, hulainisha mbao mpaka ikapindwa kwa mikono. Amonia ya namna hiyo huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, nayo hushughulikiwa kwenye vyombo maalumu na watu waliojikinga. Chupa ya dukani ni maji yenye amonia kidogo. Ukiloweka humo umeloweka kwenye maji, na umelipa zaidi.

Laiti ingekuwa hasara ya fedha tu. Amonia inatia rangi miti yenye tanini. Mafundi wa samani huutumia mvuke wake makusudi kuugeuza mwaloni kuwa kahawia nzito. Walnati yako nayo itabadilika, tena kwa mabaka, kwa sababu hukuloweka fito zote kwa kipimo kimoja. Inashambulia pia shaba ya manjano, na pini zilizomo kwenye seti yako ni za shaba ya manjano. Jeshi la Uingereza nchini India lilishangaa kuona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani majira ya masika, mpaka wataalamu walipoeleza, mwaka 1921, kwamba amonia inayotokana na mikojo ya farasi ilikuwa ikiila shaba iliyobanwa. Na ukimimina amonia kwenye beseni ambalo jana lilikuwa na jiki, unapata gesi ya kukupeleka hospitali. Yote haya kwa ajili ya ufito ambao ungepinda kwa pasi ya nywele ya dada yako.

Siki, dawa ya kulainisha nguo na mafuta ya nazi nimeshaulizwa pia. Jibu ni lilelile, ila mafuta yana ziada yake: gundi haitashika.

Haya, ya kufanya. Ukipokea boksi, lifungue na uziache fito zizoee hewa ya nyumbani kwako wiki nzima. Zilizotoka kwenye majira ya baridi ya Ulaya ni kavu, na Mombasa si Madrid. Saga kingo za mataruma kwa msasa mpaka ufito ulazwe juu ya matatu kwa pamoja bila kuacha mwanga chini yake. Jaza nafasi za mataruma ya omo kwa vipande vya balsa, ili gundi ipate pa kushika. Pima kwa ukanda wa karatasi kila taruma la pili au la tatu, gawanya kwa idadi ya fito, weka alama, kisha punguza upana kwa randa ndogo au kisu kikali. Usishuke chini ya nusu ya upana. Hesabu ikikulazimisha, acha fito mbili ziingie kwenye mmoja. Kule tezi mambo hugeuka na nafasi hupanuka, kwa hiyo ongeza vipande vyenye ncha, usivute fito kuziba pengo. Bandika kulia, kisha kushoto, kwa zamu, la sivyo mkuku utapinda na hakuna dawa.

Kupinda: chovya ncha inayokwenda omo kwenye maji ya moto, dakika chache kwa ufito mnene, sekunde kwa ule mwembamba. Upinde kwa bapa juu ya chuma cha moto, iwe pasi ya nywele au kichomeo cha risasi chenye kichwa cha duara, taratibu, mvuke ukitoka. Ufunge kwenye mataruma kwa vibanio vya nguo bila gundi, uache ukauke mpaka kesho, ndipo ubandike. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Supa glu iwe ya kushikilia ncha tu, na dirisha liwe wazi. Pini usizizamishe, utazing'oa. Tabaka la ndani likiwa na mianya, tia puti na upige msasa, hakuna atakayeliona.

Na chagua meli kwa omo yake, wala usitazame picha ya kwenye boksi. Kila anayeanza anataka Victory, manowari ya mizinga 104 iliyoshushwa majini mwaka 1765, au Bounty. Zote mbili zina mashavu ya duara. Bounty ilijengwa Hull mwaka 1784 ikiitwa Bethia, meli ya makaa ya mawe, na wenye makaa walitaka tumbo, hawakutaka mbio. Fito zinageuka karibu pembe mraba ndani ya sentimita chache. Cutty Sark ya mwaka 1869 ina omo kali kama kisu, ila milingoti na kamba zake zitakula mwaka. Skuna kama Bluenose, ile ya Kanada ya mwaka 1921, ina omo ya kistaarabu na milingoti miwili tu. Anza hapo.

Atakayeniandikia baada ya leo aanze kwa kunitajia namba mbili: taruma la katikati lina milimita ngapi kutoka sitaha mpaka mkuku, na la omo lina ngapi. Bila namba hizo sitajibu.