Pedali ya Breki Inapozama, Gari Linakuonya

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye gari la zamani, mojawapo ya mawingu hayo ni pedali ya breki iliyolegea. Unaikanyaga, gari linasimama. Lakini ukiendelea kuikandamiza, unahisi ikishuka taratibu chini ya mguu kuelekea sakafuni. Ukiikanyaga mara mbili tatu kwa haraka inarudi juu, na safari inaendelea. Hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba breki zingali nzima.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu hujificha gari likiwa katika mwendo, kwa kuwa dereva hukanyaga breki kwa sekunde chache na kuachia. Hujidhihirisha katika foleni. Mikese, yapata kilometa 30 kabla ya kufika Morogoro ukitoka Dar es Salaam, imejulikana kwa miaka mingi miongoni mwa madereva kwa mizani yake ya malori. Palipo na msongamano wa malori, mwenye gari dogo naye husimama, husogea, husimama tena, mguu ukiwa juu ya breki kwa dakika nzima. Pedali ikizama hapo, dereva amepata onyo mahali pazuri: gari limesimama na hakuna aliyeumia. Swali ni kama atalisikiliza, hasa ikiwa safari yake haiishii mjini Morogoro bali inapita Bigwa kuelekea Matombo, katika miinuko na miteremko ya Uluguru.

PEDALI HUZAMA KWA NINI

Breki za magari madogo, Hiace na pikapu hufanya kazi kwa nguvu ya mafuta. Mguu husukuma pedali. Pedali husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta. Na mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba hupeleka msukumo huo hadi magurudumuni. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedali nzima huwa ngumu na hukaa mahali pake. Ikilegea au ikizama, ama upepo umeingia, ama mafuta yanavuja, ama kuna kilichochakaa. (Malori makubwa na mabasi mengi hutumia breki za upepo, ambazo zina kanuni zake.)

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970, kama vile Land Rover za Series II, yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote hupotea. Marekani ililazimisha njia mbili katika magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1968, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mwenye gari la kizazi kile cha kwanza hana akiba hiyo.

PIMA KWA MGUU WAKO

Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, toa gia, na uzime injini. Kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Ikandamize bila kuachia, kisha washa injini. Katika gari lenye busta, pedali itashuka kidogo na kusimama. Usiogope, hiyo ni dalili ya afya. Endelea kuikandamiza kwa nusu dakika, na uangalie inakwambia nini.

Ikiwa inabonyea kama mpira, ndani kuna upepo, au mipira ya breki imechoka na inavimba. Ikiwa huenda chini sana mara ya kwanza, lakini ukirudia kuikanyaga hupanda na kukaa imara, aghalabu viatu vya breki vya magurudumu ya nyuma vimelika au vinahitaji kukazwa. Ikiwa huzama polepole bila kukoma, mafuta yanapita mahali yasipopaswa kupita.

Hapo fungua boneti utazame kichupa cha mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, tafuta uvujaji: upande wa ndani wa kila gurudumu, kwenye mipira na maungio ya mabomba, na nyuma ya masta. Inua pia zulia la miguuni mwa dereva. Yakiwa hayakupungua na pedali bado inazama, mshukiwa mkuu ni masta yenyewe: raba zake zimechakaa, na mafuta yanarudi nyuma ndani kwa ndani bila kumwagika hata tone. Fundi makini atathibitisha kwa kuziba matundu ya masta yanayopeleka mafuta magurudumuni. Pedali ikizama hata hapo, hakuna haja ya kufungua magurudumu yote na kununua vifaa visivyohitajika.

Usikubali kila mara kubadilishiwa raba peke yake. Ndani ya silinda kukiwa na kutu au mikwaruzo, raba mpya hukatika upesi. Masta nzima ni ghali zaidi, lakini hununuliwa mara moja.

KUTOA UPEPO

Kazi hii ni ya watu wawili, na kijana mkubwa wa nyumbani anaweza kusaidia. Mmoja huketi kwenye usukani, mwingine huwa gurudumuni na spana. Katika magari mengi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Wa kwanza hukanyaga na kushikilia. Wa pili hufungua skrubu ya kutolea upepo, huacha mafuta na mapovu yatoke, na kuifunga kabla mwenzake hajaachia pedali. Hurudiwa mpaka mafuta yatoke bila povu, na kichupa hakiachwi kikauke.

Katika gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Pistoni ikisukumwa mbali kuliko kawaida yake, raba hupita kwenye kutu ya miaka mingi na kuchanika. Ndiyo maana baadhi ya magari huingia gereji yakiwa na upepo kidogo na kutoka yakiwa na pedali inayozama.

MAFUTA SI MAFUTA TU

Usitie mafuta ya injini hata tone moja katika breki. Huvimbisha na kuharibu raba zote. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka kopo lililofungwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 inapokuwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zikipata moto katika mteremko mrefu, mafuta huchemka, mapovu hutokea, na pedali huenda chini. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Nawe mama wa nyumbani, ujue kwamba mafuta haya ni sumu. Yasihifadhiwe katika chupa ya soda.

YAKIKUTOKEA NJIANI

Kanyaga pedali haraka haraka mara nyingi. Shusha gia moja baada ya nyingine ili injini ishikilie gari, kisha vuta breki ya mkono kidogo kidogo. Usizime injini gari likiwa katika mwendo, maana usukani unaweza kujifunga ukitoa ufunguo. Piga honi, washa taa za tahadhari, na utafute mahali penye mwinuko. Kadhalika, usiteremke mlima kwa kutoa gia eti unabana mafuta. Utakuwa umeziachia breki kazi yote.

Kuongeza mafuta kichupani na kuendelea na safari hakuponyi pedali inayozama. Kunaficha tu dalili. Ikizama Mikese, egesha gari, mwite fundi, na familia ipande basi. Nauli ya siku moja ni hasara ndogo, nayo hulipika. Wanaokusubiri Matombo wangependa ufike jioni, au hata kesho, mradi ufike.