Mwanao Akiuliza Juu ya Mungu, Usimnyamazishe

Akina mama tunaoishi Ubungo, Manzese, Mabibo na Kimara hatuna haja ya kuambiwa kwamba dini iko karibu nasi. Vipaza sauti vya makanisa husikika hadi vyumbani, na kando ya Barabara ya Morogoro matangazo ya semina na mikesha hubandikwa moja juu ya jingine. Na hapo hapo kwetu, juu ya kilima, kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Watoto wetu wanakua kati ya mimbari na darasa.

Wako wazazi wanaoogopa kwamba mtoto akisoma sana ataacha kusali. Wako wengine wanaoogopa kwamba akizama katika maombi ataacha masomo. Sisi tunaona kwamba swali kubwa liko mahali pengine: je, dini tunayompa mtoto inamruhusu kuuliza?

DINI ILIKUJA NA KITABU

Tukitazama nyuma, tutaona kwamba katika nchi zetu Ukristo na kusoma vilikuja pamoja. Wamisionari walifungua kituo Bagamoyo mwaka 1868. Huko Unguja, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na shule ya wavulana Kiungani na ya wasichana Mbweni, na wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa utumwani. Huko Buganda, Wakristo wa mwanzo waliitwa kwa jina la wasomaji, maana aliyetaka kubatizwa alianza kwa kujifunza herufi.

Basi mtu akiisha kujua kusoma, huwezi tena kumpangia cha kusoma. Aliyefundishwa herufi ili asome Injili alisoma pia gazeti, mkataba na sheria. Dini ilimfungulia mlango, naye akapita akaenda mbali.

Lakini tuseme kweli yote. Mafundisho mengi yalikuwa ya kukariri. Katekisimu ilikuwa na maswali, ila maswali hayo aliuliza mwalimu, na majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Mtoto alisifiwa kwa kujibu bila kukosea hata neno moja. Kuuliza swali lake mwenyewe kulihesabiwa kuwa ukaidi. Desturi hiyo haijatutoka, iwe kanisani, shuleni au mezani kwetu nyumbani.

MWALIMU ALISALI NA ALIULIZA

Mfano tulio nao karibu ni Mwalimu Julius Nyerere. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943. Alifundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, Tabora, kisha akaenda kusoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, nayo shule ya Kikatoliki, mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Kanisa lilimlea, naye hakuliacha hadi alipofariki mwaka 1999.

Hata hivyo, malezi hayo hayakumfunga mdomo. Chini ya uongozi wake, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka mikononi mwa Serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku, ili watoto wa dini zote wapate nafasi. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia waziwazi kwamba Kanisa lisiposimama na wanyonge dhidi ya mifumo inayowakandamiza, watu wataliona halina maana kwao. Na katika Elimu ya Kujitegemea, andiko lake la mwaka 1967, alitaka shule zikuze akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kukataa au kurekebisha kisichotufaa.

Wako waliokubaliana naye na wako waliompinga. Tunachotaka akina mama tukione ni kwamba mtu huyo huyo alipiga magoti, na mtu huyo huyo aliuliza.

PALE SWALI LINAPOKATAZWA

Sasa tutazame upande wa pili. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie. Miili iliyopatikana ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Inasemekana watu hao waliambiwa wafunge kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Mackenzie alishitakiwa, naye alikana mashitaka. Lakini kabla ya njaa kulikuwa na jambo jingine. Miaka kadhaa nyuma mhubiri huyo alijulikana kwa kufundisha kwamba shule ni uovu, na wazazi waliomwamini waliwatoa watoto wao madarasani.

Tuutafakari utaratibu huo. Kwanza daftari, halafu sahani ya chakula. Mtoto aliyetolewa shuleni hana mwalimu wa kumwuliza habari, hana rafiki wa kumshangaa, hana mtu wa nje wa kugundua kwamba amekonda.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya majirani tu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hatuwacheki marehemu. Walikuwa watu wenye shida, kama sisi, waliotafuta msaada wa Mungu. Ila ndipo tunapoona kwamba imani bila kupima huweza kumgharimu mtu uhai.

HUMU NYUMBANI MWETU

Kumwombea mtoto kabla ya mtihani ni wajibu wa mama. Lakini mtoto akiamini kwamba kalamu iliyoombewa itajibu maswali ambayo hakuyasoma, tumemfundisha uvivu kwa jina la Mungu. Na binti akiambiwa kwamba ameonyeshwa katika maono aache shule, au aolewe na fulani, mama asinyamaze kwa kuogopa cheo cha msemaji.

Tena kuna jambo zito zaidi. Binti aliyezoeshwa kwamba kumwuliza mkubwa ni utovu wa adabu, siku mtu mwenye heshima ya dini atakapomwita faraghani na kumtaka jambo lisilofaa, atakuwa na neno gani la kumjibu? Ulimi tuliouzuia sisi wenyewe hautafunguka ghafla siku ya hatari.

Biblia yenyewe haiwafungi watoto wetu. Luka sura ya 2 inatuonyesha Yesu mwenye umri wa miaka 12 hekaluni, akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Matendo sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya, ambao baada ya kumsikia Paulo walichunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli. Ikiwa Mtume Paulo alipimwa, ni mhubiri gani wa leo asiyepaswa kupimwa?

TUFANYE NINI?

Kwanza, baada ya ibada tumwulize mtoto siyo tu mhubiri alisema nini, bali yeye ameelewaje na ana swali gani.

Pili, swali likitushinda tuseme, "Sijui, mwanangu, tukatafute pamoja." Kuuliza si ujinga, wala kutojua si aibu kwa mama.

Tatu, tupange saa. Kijana wa kidato cha nne asikeshe kanisani siku tano za juma, naye ana masomo asubuhi. Tuzungumze na viongozi wa vijana. Wengi wao wataelewa.

Nne, tumfundishe kukataa kwa adabu: "Shikamoo mchungaji, nitamwuliza mama kwanza." Kiongozi mwema hatakasirika. Akikasirika, hapo mama umepata habari muhimu.

Tano, mafundisho yoyote yanayomtenga mtoto na shule, na hospitali au na wazazi wake, tuyatilie shaka mara moja, hata kama yamesindikizwa na nyimbo nzuri.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku moja wataondoka mikononi mwetu, waende vyuoni, kazini na kwa waume zao, na huko watasikia wahubiri ambao sisi hatutawasikia kamwe. Hatutakuwapo kuwachagulia. Tukiwa tumewazoesha kusali na kupima mambo wangali wadogo, wataweza kujichagulia wenyewe.