Nyambizi ndani ya pipa: kazi ya likizo kwa mzazi na mtoto

Mwanangu wa darasa la tano aliona nyambizi kwenye televisheni, akaniuliza, "Baba, sisi wa Dodoma tutaiona lini?" Nikamjibu kwamba bahari iko mbali. Akaligeukia pipa la maji uani, akasema, "Si tuitengeneze?"

Mzazi, kazi hii inawezekana. Mnahitaji gari bovu la rimoti, kopo la plastiki la lita 1 lenye kifuniko cha kubana, mota mbili ndogo zinazofanana zenye feni, mchanga na gundi ya silikoni ya dukani kwa vifaa vya ujenzi.

Kwanza soma maandishi chini ya gari. Likiwa la megahezi 27 au 40, linafaa. Rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 hukatika mara chombo kinapozama, kwa sababu maji hunyonya mawimbi yake. Maji ya chumvi hunyonya zaidi, hivyo pipa letu la Dodoma lina nafuu kuliko bahari.

Ndani ya kopo wekeni saketi na betri za kawaida. Msitumie betri ya simu, ikiingia maji ni hatari. Mota zifungeni nje, moja kila upande, feni zikisukuma maji juu ili kopo lishuke. Zibeni matundu ya nyaya kwa silikoni, msubiri hadi kesho yake.

Sasa ndiyo hesabu yenyewe. Kopo la lita 1 likizama husukuma kando takriban kilo 1 ya maji. Kwa hiyo lote, pamoja na betri na mchanga, liwe pungufu ya kilo 1 kwa gramu chache tu. Ongezeni mchanga kidogo kidogo hadi kibaki kifuniko peke yake juu ya maji.

Hapo nilikosea. Kwa haraka zangu nilijaza mchanga mwingi, nyambizi ikazama moja kwa moja, rimoti haikufua dafu. Mtoto alinyamaza, kisha akauliza, "Betri ikiisha, walio ndani watarudije?" Tukapunguza mchanga. Safari hii ilishuka kwa feni, na tulipoachia kitufe ikapanda yenyewe. Tangu hapo hiyo ndiyo sheria yetu: ikizimika, irudi juu.

Na ninyi wekeni zenu. Msiijaribu bwawani: Mtera kuna mamba na viboko, na maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho. Pipa lisiachwe wazi bila mtu mzima, maana mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye ndoo. Mkimaliza, zikausheni mota na kuzipaka mafuta.

Maji nayo msiyamwage ovyo. Yetu yalikwenda kwenye mchicha.