Vita Ndani ya Mshipa

Ukijikata kidole ukimenya viazi, haupiti muda kabla hakijavimba, kikawa chekundu, kikapata joto na kuuma. Dalili hizi nne ziliandikwa na Mroma aitwaye Celsus yapata miaka 2000 iliyopita. Huo si ugonjwa, msomaji. Ni mwili unajipigania: damu inaongezeka pale, na seli nyeupe zinatoka mishipani kwenda kula vijidudu. Kazi ikiisha, uvimbe hushuka na kidonda hufunga.

Balaa ni pale vita hivi vinapoanza ndani ya ukuta wa ateri yenyewe, na visiishe.

Watu husema ati ateri huziba kama bomba la jikoni lililojaa mafuta. Sivyo hasa. Bomba halina uhai, ateri inao. Kwa ndani imetandikwa utando mwembamba ajabu, unene wa seli moja tu. Moshi wa sigara, shinikizo la damu na sukari nyingi mwilini huuharibu. Kolesteroli hupenya na kukwama ukutani. Seli nyeupe huifuata, zikala weee, hadi zikajaa mafuta. Kwenye darubini utadhani ni povu. Nyingi hufia papo hapo, na kufa kwao huita nyingine. Mwaka wa 2017 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo ulionyesha kwamba dawa ya kutuliza uvimbe, isiyopunguza kolesteroli, ilipunguza mishtuko mipya. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo. Si askari walikuwa wamelazwa?

Rundo hilo la mafuta hufunikwa na kigaga. Kikipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Ikiwa ni ateri ya moyo, misuli huanza kufa kabla ya saa moja kwisha.

Mambo haya hutokea miguuni pia. Babu yangu, mvutaji sigara tangu ujana, alikuwa akipanda kilima cha sokoni shavu la mguu linambana. Akisimama kidogo, maumivu yanatoweka. Majirani walisema ni uzee tu. Daktari alilinganisha shinikizo la damu la mkononi na la kifundo cha mguu, akakuta la mguuni liko chini mno. Msuli unaotembea hudai oksijeni zaidi, na ateri iliyobanwa haiwezi kuileta.

Kisha kiatu kikamchubua kidole. Kidonda kidogo hivyo kikakaa miezi mitatu! Hapo ndipo nilipoona ajabu ya ugonjwa huu: askari wamejazana ukutani mwa ateri wasikohitajika, na kidondani wanakohitajika hawafiki, kwa kuwa njia ni ile ile. Nyama ikishakuwa nyeusi imekufa, na mguu huenda ukakatwa.

Babu ameacha sigara. Ameagizwa atembee mpaka aumwe, apumzike, kisha aendelee tena. Macho yake ni hafifu, kwa hivyo kila jioni namulika nyayo zake kwa tochi, kidole baada ya kidole.